Mwendo ni wa Aliye Nyuma

Kila Jumamosi alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya miamba ya jiji la Mwanza, wapitao barabara ya Igoma kuelekea Kisesa hukutana na kundi la watu saba walio juu ya baiskeli. Hawakubeba mkaa, wala maziwa, wala abiria. Wengine wamevaa kofia ngumu, wengine wamejifunga vitambaa; mmoja ana mvi kichwa kizima, na wawili ni wanawake. Wananchi wanaowahi sokoni huwatazama kwa mshangao, na watoto huwakimbilia kando ya barabara wakiwashangilia. Swali ni moja siku zote: hawa wanakwenda wapi, na wanafukuzwa na nani?

Watu hao ni sisi. Na kwa kuwa swali hilo limeulizwa mara nyingi mno, njiani na hata ofisini petu, tumeona yafaa leo tulijibu katika safu hii. Hatufanyi hivyo kwa kujitangaza. Jibu lenyewe limetugharimu kulitafuta, nasi tunaamini lina manufaa kwa watu wengi zaidi ya saba.

Tunajiandaa kwa safari ya baiskeli kutoka Mwanza hadi Butiama, mkoani Mara, mwendo wa kilomita 200 hivi. Tumekusudia kuimaliza kwa siku mbili, tufike kabla ya tarehe 14 Oktoba, siku ambayo taifa humkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki tarehe hiyo mwaka 1999. Kila mmoja wetu amewaendea ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, akawaomba waahidi chochote kwa kila kilomita atakayoimaliza. Fedha zitakazopatikana zitanunua dawa na kulipa nauli za kliniki kwa watoto wenye ugonjwa wa selimundu ambao wazazi wao hawana uwezo.

Katika kundi letu yumo mwalimu wa shule ya msingi, yumo muuguzi, yumo mama auzaye dagaa katika soko la Kirumba, yumo karani mstaafu, yumo kijana fundi wa simu, yumo fundi cherehani, na wa saba ni mwandishi wa safu hii. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwanamichezo. Tulijuana kwa kuishi mtaa mmoja na kukutana katika harusi na misiba. Kilichotukutanisha barabarani ni mtoto wa fundi cherehani.

Binti huyo ana umri wa miaka tisa. Tangu alipokuwa na miezi michache mikono na miguu yake ilikuwa ikivimba, naye akilia usiku kucha bila mtu kujua anachokililia. Majirani walisema mengi, na baadhi ya waliyosema hayafai kuandikwa gazetini. Fundi alikwenda kwa waganga, akauza mbuzi, akauza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Siku damu ya mtoto ilipopimwa, ndipo baba alipojua kwamba hapakuwa na mchawi. Alijua pia, kwa uchungu usioelezeka, kwamba mtoto wake wa kwanza, aliyefariki kabla ya kutimiza miaka mitatu na kuzikwa kwa jina la homa, huenda alikuwa na ugonjwa huo huo.

Yafaa tueleze ugonjwa wenyewe, kwa maana wengi tunautaja bila kuufahamu. Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima wa afya ni za mviringo na laini, nazo hupita kwa urahisi katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele, zikipeleka hewa safi kila pembe ya mwili. Za mgonjwa wa selimundu hujikunja na kukakamaa, zikawa mfano wa mundu wa kuvunia mpunga. Ndiyo asili ya jina hilo. Chembe za kawaida huishi siku 120 hivi, lakini hizi hufa kati ya siku 10 na 20, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu mara kwa mara. Tena, kwa kuwa zimepinda, hunasa na kuziba mishipa, na kiungo kinyimwacho hewa hulia kwa maumivu. Baridi, kiu, homa ya malaria au kazi ya kuchosha vyaweza kuamsha maumivu hayo wakati wowote.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala si laana. Mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Mtu aliyerithi kutoka upande mmoja tu haugui. Ni mbebaji, na aweza kuishi hadi uzee bila kujua. Wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba ipo bahati 1 kati ya 4 kwamba mtoto atazaliwa na ugonjwa. Mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison, aliyekulia nchini Kenya, alionyesha kwa nini jambo hili limekaa sana kwetu: mbebaji hupata kinga dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo palipo na mbu wengi kwa vizazi vingi, hapo wabebaji nao ni wengi. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumelipa deni hilo la mbu kwa watoto wetu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa idadi ya watoto wanaozaliwa na selimundu kila mwaka, na mikoa yetu imo mstari wa mbele.

Habari njema ni kwamba mtoto akigunduliwa mapema aweza kuishi na kusoma na kufanya kazi. Penisilini ya kumkinga utotoni, foliki asidi, chandarua, maji ya kunywa ya kutosha na dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo hupunguza vipindi vya maumivu, vimeokoa wengi. Lakini dawa hiyo humezwa kila siku, mwaka hadi mwaka. Na mkulima wa pamba aliye kilomita 60 kutoka hospitali hana budi kuchagua, mwezi baada ya mwezi, kati ya nauli na unga.

Hayo fundi cherehani alitueleza jioni moja, nasi tukaahidi kumsaidia. Muuguzi ndiye aliyetoa shauri la baiskeli. Alisema hivi: "Michango ya kupitisha bahasha watu wameizoea, hata hawaioni tena. Tuwatokee jasho, ndipo watatuona." Tulicheka, tukakubali, na Jumamosi iliyofuata tukakutana saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila mtu na baiskeli yake.

Aibu ya siku ile hatuisahau. Baiskeli mbili zilikuwa na gia nyingi, zilizonunuliwa mitumba. Nne zilikuwa Phoenix za kawaida. Na ya karani mstaafu ilikuwa Raleigh nyeusi yenye umri mkubwa kuliko wa fundi wa simu. Tulipotoka mjini kila mmoja alinyonga kwa nguvu zake zote, kana kwamba Butiama ni pale Igoma. Kijana wa simu alitangulia, mwalimu akamfuata asionekane mzembe, nasi wengine tukawafuata wao. Tulifika Kisesa, mwendo wa kilomita 20 hivi, tukiwa hoi bin taabani, wengine tukitapika kando ya barabara. Tulipohesabiana tulikuwa sita. Mzee hakuwapo.

Tulimngoja kwa zaidi ya nusu saa. Alipotokea alikuwa akiikokota ile Raleigh, mnyororo umekatika, suruali imejaa grisi. Hakusema neno. Aliketi, akaomba maji, akanywa, kisha akasema kwa utulivu, "Wanangu, mimi nilidhani tunakwenda pamoja."

Njia ya kurudi palizuka ugomvi. Kijana alisema waziwazi kwamba mtu wa umri ule angefaa kubaki kuwa mweka kumbukumbu. Mwalimu alisema tugawane makundi mawili, la wepesi na la wazito. Mama wa dagaa, ambaye ndiye mweka hazina wetu, alitusikiliza hadi mwisho, kisha akafungua daftari la ahadi. Alitusomea jina kwa jina. Aliyeahidiwa fedha nyingi kupita sote alikuwa yule yule tuliyemwacha nyuma. Kwani mtu aliyefanya kazi ya ukarani kwa zaidi ya miaka 30 bila kudai rushwa ana watu wanaomkumbuka katika kila kata. Kila kilomita ambayo mzee asingeimaliza ilikuwa hasara ya watoto wale. Tulinyamaza kimya.

Hatuoni fahari kusema kwamba tulianza kumthamini mwenzetu kwa sababu ya hesabu. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na afadhali kweli yenye aibu kuliko uongo wenye mapambo. Thamani nyingine tuliiona baadaye.

Tangu siku ile tuliweka sheria: mwendo ni wa aliye nyuma. Mzee ndiye apangaye kasi. Sheria hiyo ni rahisi kuiandika na ngumu kuifuata. Mwenye nguvu akizuiwa miguu yake humwasha. Huona wakati unapotea bure, hujisingizia kwamba anakwenda kukagua njia. Ilituchukua karibu miezi miwili kujifunza kwenda pamoja, na katika miezi hiyo tuligundua jambo ambalo hatukulitarajia. Tulipokuwa tukienda kila mtu kwa kasi yake, kilomita 40 zilitumaliza. Tulipokwenda kwa kasi ya mzee tulimaliza 60, kisha 80, na tukarudi nyumbani tukiwa na nguvu za kufanya kazi za siku.

Sababu si muujiza. Ya kwanza ni kwamba mwili uanzao taratibu hutunza akiba yake. Ya pili ni upepo. Asubuhi za kiangazi upepo wa kusi huivuma barabara ile, na mpanda baiskeli aliye peke yake hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuusukuma. Lakini watu wakipangana mstari mmoja, gurudumu karibu na gurudumu, wa mbele huukata upepo na walio nyuma hujisitiri mgongoni mwake. Baada ya dakika chache wa mbele hujitenga, huuacha mstari umpite, akaenda kupumzika mwisho, na wa pili akashika zamu. Hivyo hakuna ateswaye daima wala apumzikaye daima.

Wazee wa Usukuma hawakuhitaji baiskeli kuyajua hayo. Aliyepata kuwatazama wachezaji wa bugobogobo ameona jinsi majembe yanavyopanda na kushuka kwa mlio wa ngoma. Hapo asili yake ni shambani: mlimaji hodari hakimbilii mwisho wa tuta peke yake, bali ngoma humfunga na mwenziwe, na shamba huisha kabla jua halijawa kali. Sisi tulio mijini tumeliacha shamba, tukaiacha na ngoma. Tumebaki na majembe, kila mtu na lake.

Sasa tuje kwenye swali gumu zaidi, ambalo tuliulizwa na mtu tuliyekutana naye ng'ambo ya Magu.

Siku hiyo baiskeli ya muuguzi ilipata pancha, na tyubu ya akiba tulikuwa tumekwisha kuitumia. Tukiwa tumesimama kama kuku walionyeshewa, alifika mzee mmoja akisukuma Phoenix yenye magunia mawili ya mkaa, miguuni amevaa kandambili. Alitusalimu kwa Kisukuma, "Mwadila," nasi tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Aliegemeza mzigo wake kwenye mti, akatoa kwenye kopo mkasi, gundi na vipande vya mpira, akalitafuta tundu kwa mate, akaliziba. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko tuliotumia kubishana.

Tulipotaka kumlipa alikataa kwanza, akataka kujua tunakwenda wapi na mzigo wetu ni upi. Tukamweleza. Alitikisa kichwa, akauliza, "Sasa wanangu, kama fedha mnazo, na mgonjwa mnamjua, kwa nini msimpelekee tu? Baiskeli ya nini? Mimi napanda hii kwa sababu sina njia nyingine. Ninyi mnajitesa kwa hiari."

Hatukuwa na jibu. Tukaona haya kwa kofia zetu ngumu na chupa zetu za maji mbele ya mtu ambaye kila juma hunyonga umbali tunaoringia, na mgongoni amebeba mkaa wa kupikia chai yetu. Tena barabara ni ile ile. Malori yatupitayo sisi kwa kishindo hadi usukani ukatetemeka humpita na yeye, mchana na usiku, na hakuna amwahidiye shilingi kwa kilomita.

Swali lake tulilibeba hadi nyumbani, na tangu siku ile tumelijadili mara nyingi. Hili ndilo jibu tulilolifikia, nalo twalitoa kwa unyenyekevu. Ni kweli kwamba fedha hazijui zimetoka kwa jasho au kwa bahasha; dawa inunuliwayo ni moja. Kama lengo lingekuwa fedha tu, mzee yule angekuwa ametushinda kwa hoja. Lakini mtu atoaye bahasha humaliza wajibu wake pale bahasha inapotoka mkononi. Sisi hatukuumaliza. Kila Jumamosi tulipopanda kilima pumzi zikatukata, mapaja yakawaka moto, tulikumbuka kwamba yuko mtoto ambaye maumivu makali kuliko hayo humjia kitandani, naye hakuchagua kilima wala hajui kilele kiko wapi. Sisi tukichoka hushuka, tukaegemeza baiskeli, tukapumzika. Yeye hana pa kushukia. Kwa hiyo baiskeli haikuwa njia ya kupata fedha tu. Ilikuwa shule, na ada yake ni jasho.

Wala hatukuianzisha sisi njia hiyo. Wengi wa rika letu wamehadithiwa na wazazi wao jinsi mwezi Oktoba mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais wa nchi, alivyotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwa siku 8, kuunga mkono Azimio la Arusha lililotangazwa Februari mwaka huo. Angeweza kupanda gari, na Azimio lingebaki lile lile. Lakini vijana wengi walikuwa wamekwisha kutembea masafa marefu kuliunga mkono. Mmoja wao, Seth Benjamin, alifia njiani akitoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Kiongozi aliona hana budi kuyapa maneno yake miguu. Katika miaka ya karibuni, tangu 2002, wapo wanaopanda mlima Kilimanjaro na wanaouzunguka kwa baiskeli kila mwaka kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Na tangu 2019 upo msafara wa baiskeli wa kila mwaka utokao Dar es Salaam hadi Butiama kwa kumbukumbu ya Mwalimu. Sisi tunaifuata barabara aliyoipita yeye, ila kwa kuigeuza: alitoka huko kuja kwetu, nasi tunatoka kwetu kwenda kwake.

Walakini jasho lisilo na daftari laweza kuwa maonyesho matupu. Nchi yetu imeona matembezi mengi ya hisani yaliyomalizika kwa fulana mpya, picha na chakula cha mchana, na mlengwa akabaki na ahadi. Kwa hiyo sheria yetu ya pili ni hii: shilingi ya mchangiaji hainunui andazi la mpanda baiskeli. Maji, matairi, malazi na nauli ya kurudi kila mmoja hujilipia. Kila kilichoahidiwa kimeandikwa, na kila kitakachotolewa kitakuwa na stakabadhi, na daftari litafunguliwa kwa yeyote atakayetaka kulisoma. Katika daftari hilo, chini ya majina ya wafanyabiashara na watumishi, upo mstari usio na tarakimu ya fedha. Mzee wa mkaa, alipokwisha kusikia habari za binti wa fundi, alisukuma mkono wetu uliokuwa na noti, akasema: "Basi hiyo andikeni. Kiraka kimoja." Imeandikwa hivyo hivyo. Mama wa dagaa, ambaye katika biashara hasamehi hata shilingi kumi, amekataa kata kata kukigeuza kiraka hicho kuwa fedha.

Yako mambo mawili ambayo hatuna budi kuyasema kabla ya kumaliza, ijapokuwa yanatuuma.

La kwanza ni kwamba mnamo mwezi wa tatu wa mazoezi yetu fundi cherehani alitoweka. Jumamosi mbili hakuonekana. Binti yake alikuwa amelazwa, kifua kimembana, akiongezwa damu. Tulikwenda kumwona. Kijana wa simu, yule aliyetaka mzee abaki nyumbani, alisimama mlangoni mwa wodi asiweze kuingia. Alimtazama mtoto akivuta pumzi kwa shida ile ile tuliyoizoea juu ya vilima, ila yeye alikuwa amelala. Jumatatu iliyofuata sita kati yetu tulikwenda kuchangia damu. Muuguzi alitushauri kwamba, kwa kuwa tumefika maabara, tuombe na kupimwa kama tu wabebaji. Tukapima sote.

Majibu yalipotoka, kijana wa simu alikuwa mbebaji.

Kijana huyu alikuwa amekwisha kupeleka posa, na mahari imeanza kulipwa. Kwa siku kadhaa hakusema na mtu. Kisha alikuja mazoezini, akashika nafasi ya nyuma kabisa, kando ya mzee, na wawili hao walinyonga bega kwa bega hadi Kisesa wakizungumza. Hatukuuliza walichozungumza. Tunachojua ni kwamba alimweleza mchumba wake, na mchumba wake naye akaenda kupima. Majibu yake hatutayaandika, maana si mali ya gazeti. Ni yao wawili na wazee wao. Lakini kwa ruhusa ya kijana mwenyewe twasema hivi: kama asingepanda baiskeli asingejua, na kama asingejua angeweza kuja kuuza cherehani za nyumba yake akimtafuta mchawi asiyekuwapo.

La pili ni maneno ya fundi cherehani aliporudi. Binti yake alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Tulimwambia kwamba, kwa jinsi alivyochoka, angeweza kuiacha safari, sisi tungezibeba kilomita zake. Alikataa. Alisema, "Mkizibeba zangu, mwanangu atasema baba alibaki. Nendeni kwa mwendo wangu tu." Siku hiyo aliye nyuma alikuwa yeye, na mzee wa Raleigh ndiye aliyekata upepo mbele yake, mvi zake zikipepea, tangu Magu hadi Kisesa. Hapo ndipo tulipoiona ile thamani ya mzee ambayo haikuandikwa daftarini.

Imebaki kazi yenyewe. Siku ya kwanza, Mungu akipenda, tutatoka Mwanza alfajiri, tupite Magu, tukalale Lamadi. Siku ya pili tutapita pale mbuga ya Serengeti inapoikaribia barabara kwenye lango la Ndabaka, twende Bunda, kisha tushike njia ya Butiama, tukashukie Mwitongo, alipozikwa Mwalimu. Watakaotupita kwa magari tunawaomba jambo moja, nalo si kwa ajili yetu: mnapomwona mtu juu ya baiskeli, awe amevaa kofia ngumu au kandambili, punguzeni mwendo na mwachieni nafasi. Sisi tutakuwa barabarani siku mbili. Wengine wamo humo maisha yao yote.

Na kwa vijana mnaotarajia kuoana, na kwa wazazi wenye watoto wanaolia usiku bila sababu ijulikanayo, tunawasihi mwende mkapime damu. Mkikuta mu salama, mtashukuru. Mkikuta sivyo, mtajua pa kuanzia, wala hamtakuwa peke yenu.

Wako waliotuuliza kama tuna hakika wote saba tutafika. Hatuna. Baiskeli ya mzee ni kuukuu, fundi hajapata usingizi wa kutosha, na mwandishi wa safu hii ana goti lisilompenda. Hakika tuliyo nayo ni moja tu: hatutafika sita tukasema tumefika.